Namba ya Kaluki

Ukitaka kudharauliwa bila kutajiwa tusi hata moja pale sokoni Matiliku, ulikwenda kwa Kaluki kujaziwa fomu ya kuomba kazi. Saiba yake ni chumba kimoja kati ya duka la mbegu na kinyozi: kompyuta tatu, printa inayokohoa, benchi la wateja, na ukutani karatasi yenye wino mwekundu, SOMA MAAGIZO. Chini yake kuna nyingine, kwa ajili ya waliosoma na bado wakauliza: SOMA TENA.

Kaluki hakuzaliwa na dharau hiyo. Aliipatia kazini, vile wengine wanavyopata maumivu ya mgongo. Yeye ni muuguzi. Alisomea Kitui miaka mitatu na nusu, akafaulu, akasajiliwa, akavaa sare nyeupe iliyompendeza mno, akaajiriwa kwa mkataba katika ule msimu wa korona ambapo kila wodi ilikuwa inalilia watu. Mkataba ulipoisha mwezi wa Machi aliambiwa asante. Akarudi nyumbani na sanduku lake, akafungua saiba kwa miezi mitatu tu, akingoja kuitwa. Miezi mitatu ile sasa ilikuwa inaelekea kutimiza miaka mitano. Badala ya kuchoma watu sindano alichapisha programu za mazishi, na badala ya kupima presha alipandishwa presha na watu wasiojua hata neno lao la siri.

Wateja waliomtoa povu zaidi ni watu wa afya wenzake. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kusoma miaka mitatu namna ya kupata mshipa wa mtoto mchanga, halafu akashindwa kupata kitufe cha kutuma. Yvonne, kwa mfano, binti mwenye diploma safi ya maabara, alileta picha amebenua midomo, mkono kiunoni, na nyuma yake keki ya sherehe.

"Hii ni ya kazi ama ya kutafuta bwana?" Kaluki alimuuliza mbele ya benchi zima.

"Si ni picha tu, Kaluki."

"Ni picha tu. Na wewe utabaki kuwa mtu tu, wa nyumbani kwenu."

Mzee mmoja wa kanisa alileta vyeti vya mwanawe mfamasia, na juu ya vyeti kadi ya ubatizo, barua ya pasta, na karatasi ya pongezi ambayo kijana alipewa darasa la tano kwa kukariri mistari ya Biblia. Alitaka vyote viingie, na pasta alikuwa amesema vikiingia vyote Mungu hatakosa pa kushikia. Mwingine alituma ombi la kazi ya hospitali kwa barua iliyoanza kwa kumsalimu meneja wa hoteli, kwa sababu barua hiyo ilikuwa imeshatumika huko na hakuona haja ya kuisumbua. Mwingine alikuwa na leseni iliyokwisha mwaka juzi, akapiga picha kwa namna ambayo kidole chake kilifunika tarehe. Kaluki alimwambia hospitali ikihitaji kidole itamwita. Karibu wote walikuja siku ya mwisho, wakitweta, kana kwamba tangazo halikubandikwa wiki tatu nzima.

Lakini kosa lililomuudhi kuliko yote lilikuwa la simu. Mtu anaomba kazi, anachaguliwa, anapigiwa, hapatikani. Simu iko dukani inachajiwa. Simu iko na bwana. Laini ilipotea kwenye mnada wa mbuzi. Miaka miwili nyuma tabibu mmoja alipigiwa mara tatu kuitwa usaili huku simu yake imelala dukani kwa watu, na kazi ikaenda kwa mwingine. Alikuja kulia kwenye benchi la Kaluki hadi akalowesha foleni. Tangu siku hiyo Kaluki akapitisha sheria yake mwenyewe. Kila fomu itakayojazwa katika saiba yake itaandikwa namba moja, na namba hiyo ni yake.

"Simu yangu haizimwi na haipotei," aliwaambia. "Meseji ikiingia, nitakuita."

Watu wakamshukuru. Naye, tuseme ukweli, akaipenda hali hiyo. Aliyetaka kujua bahati yake ilibidi aje asimame mlangoni pake na kuuliza kwa sauti ya chini. Mtu ambaye wodi imemkataa alijipatia wodi yake mwenyewe, na wagonjwa waliongoja zamu.

Mwezi wa Januari likatoka tangazo la hospitali mpya ya misheni iliyokuwa inajiandaa kufunguliwa upande wa Kasikeu. Walitaka wauguzi, wafamasia, watu wa maabara, madereva wa ambulansi. Kaluki alilisoma tangazo hilo akiwa amesimama, kisha akaketi. Kulikuwa na mstari mmoja kuhusu wauguzi: awe amefanya kazi wodini ndani ya miaka mitano iliyopita. Miaka mitano yake ilikuwa inakwisha mwisho wa Machi. Baada ya hapo atakuwa ni mtu aliyewahi kuwa muuguzi, na matangazo yenye sharti hilo yalikuwa yamezidi. Hii ikimpita, basi, atazeekea kwenye programu za mazishi. Akajiambia hapana, haipiti.

Aliomba siku ile ile. Picha ya heshima, uso umetulia, ukuta mweupe. Leseni ya mwaka huu. Kila cheti kimoja kimoja, kimepunguzwa ukubwa, kimepewa jina lake. Barua ya ukurasa mmoja iliyotaja hospitali yenyewe na kazi yenyewe. Fomu ilipofika penye namba ya simu aliandika yake, akashuka moja kwa moja hadi chini, akabonyeza kwamba amesoma na amekubali, akatuma. Alijivunia kazi hiyo kiasi kwamba alichapisha nakala ya barua yake akaibandika ukutani kando ya SOMA MAAGIZO, ili watu wajifunze.

Kisha wakaja wengine. Kitonga wa bodaboda, aliyekuwa na leseni ya gari na hamu ya kuendesha kitu chenye king'ora, alijaziwa ya udereva. Yvonne akajaziwa ya maabara, safari hii bila keki. Katika wiki tatu Kaluki alituma maombi ya watu tisa zaidi yake yeye. Kila alipoandika namba yake, kisanduku kiliruka kwenye kioo kikiwa na maneno na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Kaluki alibonyeza Ndiyo. Visanduku vya namna hiyo vipo kila mahali siku hizi, na mtu anayejua kazi yake hana muda wa kuvisoma vyote.

Siku ya mwisho, saa kumi alasiri, akiwa amekwisha kufunika kompyuta mbili, akaingia Mbuvi.

Mbuvi ni muuguzi kama yeye, mtu wa miaka arobaini kasoro, mrefu, mpole, mzito wa maneno hadi unatamani kumsaidia kuyavuta. Alikuwa anajitolea katika zahanati ya kanisa iliyo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka sokoni. Karatasi zake zote alizibeba katika mfuko wa unga wa kilo kumi uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, na alikwenda nao kila mahali, hata kanisani.

"Sista, umeshindaje?" alisema. Ni yeye peke yake aliyekuwa bado anamwita sista, kama wauguzi wanavyoitwa wodini. Kaluki alidhani anamcheka.

"Portal inafungwa saa kumi na moja, Mbuvi. Ulikuwa unangoja uletewe kadi ya mwaliko?"

"Kulikuwa na mama anajifungua. Singeweza kumwacha."

Jibu hilo halikuwa na pa kushikwa, na Kaluki akakasirika zaidi. Alizipokea karatasi kwa ncha za vidole. Unga ukamwagika kwenye kioo cha skana. Aliufuta kwa sauti, yaani kwa kupiga kelele za mdomo ambazo benchi lote lingecheka kama lingekuwa na watu. Kisha akafikia barua ya mkuu wa zahanati, na kwa kuwa ni lazima aione ili aiskani, akaisoma. Ilieleza akina mama ambao Mbuvi alikuwa amewazalisha kwa miaka mitatu, watoto aliowachanja, na mtoto mmoja aliyetoka bila kulia ambaye Mbuvi alimpulizia pumzi hadi akalia. Kaluki alimwonea wivu. Aliujua kuwa ni wivu, na kwa sababu aliujua akawa mkali maradufu.

"Hizi karatasi zako, ukiitwa usaili watadhani umeleta chapati."

Mbuvi akatabasamu. "Namba yangu ya simu ni..."

"Siitaki."

"Nina yangu, sista. Iko tu, haizimwi."

"Nyinyi watu wa huko hubadilisha laini kama soksi. Hapa tunaweka yangu. Na usinipigie pigie, meseji ikija nitakutafuta."

"Sawa. Wewe ndiye unajua."

Hata kwenye CV yake Kaluki aliifuta namba iliyokuwapo akaandika ya kwake, ili mambo yafanane. Kisanduku kikaruka. Ndiyo. Dakika kumi kabla ya kufungwa, ombi la Mbuvi likaondoka, na Kaluki akapanguza unga mezani huku akinung'unika kuhusu watu wasiojiheshimu.

Meseji iliingia Jumatatu ya wiki ya pili ya Februari. Ilikuwa moja tu. Ndugu mwombaji, umechaguliwa kwa usaili, fika Alhamisi saa mbili asubuhi ukiwa na vyeti halisi na kitambulisho, usaili utafungwa saa saba. Haikutaja jina.

Watu kumi na mmoja, meseji moja. Mtu mwingine yeyote angejiuliza ni ya nani. Kaluki aliisoma mara tatu na hakujiuliza hata mara moja. Angekuwa nani tena? Yvonne wa midomo? Mbuvi wa chapati? Angeweza kufungua tovuti ya hospitali na kuangalia, kompyuta tatu zilikuwa mbele yake na zote zilikuwa na umeme. Mteja angefanya uzembe huo, angemtukana hadi kinyozi wa pembeni aache kunyoa. Badala yake alifunga mlango, akapiga magoti kati ya printa na benchi, akamshukuru Mungu, akalia kidogo.

Hakumwambia mtu. Alisema moyoni kwamba watu wana macho, na kwamba habari njema hutangazwa ikishakamilika. Kitonga akauliza, akaambiwa bado. Yvonne akauliza, akaambiwa bado, na safari hii Kaluki alimwita mpenzi. Jumatano mchana Mbuvi akaja kwa miguu, vumbi hadi magotini, mfuko wa unga kwapani. Hakuketi. Alisimama mlangoni.

"Sista, kuna chochote kimeingia?"

"Kingeingia ningekutafuta."

"Hata ya kukataliwa tu? Nijue."

"Mbuvi, rudi nyumbani ukapure ndengu. Kazi kama hizi zina wenyewe."

Kitonga, aliyekuwa anangoja fotokopi, akacheka kidogo kisha akaacha. Mbuvi alisema asante, akageuka, akaanza ule mwendo wake wa saa moja.

Alhamisi saa mbili kasorobo Kaluki alikuwa langoni pa hospitali. Rangi ya ukuta ilikuwa bado inanukia. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, viatu vimeng'arishwa, vyeti vimo katika faili ya plastiki inayofungwa kwa kitufe. Foleni ilikuwa ya watu kama thelathini, na aliikagua toka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayetafuta makosa. Huyu amevaa ndala. Yule amekuja na mama yake. Yule anakula mahindi. Alijisikia vizuri.

Mezani langoni aliketi msichana mwenye kishikwambi, jina Shiru kwenye beji ya kifuani.

"Namba ya simu?" Shiru aliuliza bila kuinua uso.

Kaluki aliitaja. Shiru akaandika, akatazama kioo, akamtazama Kaluki, akatazama kioo tena.

"Wewe ni Josphat?"

"Nani?"

"Josphat Mbuvi. Nurse. Wa Matiliku." Mtu nyuma kwenye foleni akacheka.

"Hapana. Mimi ni Kaluki. Hiyo namba ni yangu."

"Hata yeye ni hiyo hiyo." Shiru akasogeza kidole. "Ngoja. Asi! Hii namba imetuma mara kumi na moja?" Alikuwa Mkikuyu kwa jina, lakini kukaa kando ya Mombasa Road, huku Ukambani, kulikuwa kumemfundisha kushangaa kwa Kikamba. "Kaluki ulikuwa wa kwanza. Halafu ukabadilisha ukaweka Kitonga. Halafu Yvonne. Kila mara system ilikuuliza kama unataka kufuta ile ya kwanza, ukasema yes. Imebaki ya mwisho. Mbuvi."

"Sikufuta kitu."

"Iliandikwa pale juu, mama. Namba moja, mtu mmoja. Na kale kasanduku kalikuwa kanakuja kukuuliza." Akageuza kishikwambi Kaluki aone. Kilikuwa ni kile kile kisanduku. Kwa mara ya kwanza Kaluki alikisoma, na kilikuwa na sentensi mbili tu, fupi, ambazo mtoto wa darasa la sita angezielewa.

"Si mniruhusu niingie," alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa jinsi ilivyofanana na sauti za benchini kwake. "Vyeti ninavyo vyote hapa. Leseni iko. Mtu wa kwanza kuomba ni mimi. Angalia tu karatasi zangu, dada yangu."

"Siwezi. Kama haiko kwa system, haiko." Shiru hakusema kwa ubaya. "Next time usome maagizo. Anayefuata?"

Kaluki alitoka akasimama nje ya ukuta, penye kivuli chembamba. Alijua kabisa kilichotokea, na hilo ndilo lilimuuma. Kama angeonewa, angelalamika hadi Makueni nzima isikie. Kama angerogwa, angeombewa kanisani Jumapili. Lakini yeye mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, alikuwa amejifuta kwa ajili ya Kitonga, halafu akamfuta Kitonga kwa ajili ya Yvonne, na Yvonne kwa ajili ya mwingine, mmoja baada ya mwingine, huku akiwacheka. Mwisho wa Machi ulikuwa umebakiza wiki sita. Alisema kwa sauti, "Mjinga wewe," na hakuwa anamwambia mteja.

Kisha wazo la pili likamjia, na lilikuwa baya zaidi. Saa ilikuwa mbili na nusu. Usaili ulikuwa unafungwa saa saba. Mbuvi alikuwa ameitwa, na Mbuvi alikuwa kwao anapura ndengu, kwa sababu yeye ndiye aliyemtuma akapure.

Alitoa simu ampigie. Kidole kikabaki hewani. Hakuwa na namba ya Mbuvi. Alikuwa ameikataa ilipokuwa inatajwa, akaifuta kwenye CV, akamkataza asimpigie. Katika simu yake, katika kompyuta zake, hata katika kishikwambi cha hospitali, namba ya Mbuvi ilikuwa ni namba ya Kaluki.

Angeweza kwenda nyumbani. Nisikufiche, aliifikiria njia hiyo, na akaifikiria vizuri. Hakuna ambaye angejua. Mbuvi angedhani hakuchaguliwa, na Mbuvi amezoea kutochaguliwa, angesema asante. Tisa wengine wangengoja hadi wachoke. Kaluki angefungua saiba kesho na kubonyeza vitufe kama jana. Alisimama na fikra hiyo muda ambao mtu mwema hangesimama nayo.

Kilichomtoa hapo hakikuwa huruma. Kilikuwa ni zamu. Kule Kitui waliwahi kufundishwa jambo moja hadi likawaingia mifupani, kwamba muuguzi hatoki wodini kabla hajakabidhi. Hata kama umechoka, hata kama umetukanwa, hata kama umefukuzwa kazi asubuhi hiyo, unasimama kando ya kitanda na kumwambia anayeingia: huyu ana hiki, huyu amepewa kile. Miaka mitano hakuwa na mgonjwa wa kumkabidhi mtu. Sasa alikuwa naye mmoja, na kama angemwacha hapo, basi wodi iliyomkataa ilikuwa na haki.

Akampigia Kitonga.

"Unamjua Mbuvi wa zahanati?"

"Yule wa mfuko? Namjua hadi kwao."

"Nenda umchukue sasa hivi. Mlete Kasikeu, hospitali mpya. Aje na ule mfuko wake vile ulivyo, na kitambulisho. Ameitwa usaili, na unafungwa saa saba."

"Ati ameitwa? Si jana ulimwambia hakuna kitu? Nilikuwa hapo, Kaluki."

"Nilimdanganya."

Nyuma ya Kitonga pikipiki za stejini zilikuwa zinanguruma. "Na yangu ya ambulansi?"

Kaluki alifumba macho. Angeweza kusema bado. Neno hilo lilikuwa limeshazoea kutoka lenyewe.

"Yako haiko. Yangu pia haiko. Niliandika namba yangu kwa watu wote, na kila mmoja akamfuta aliyetangulia. Mashine ilikuwa inaniuliza kila mara, sikusoma."

"Wewe? Hukusoma?"

"Sikusoma."

Alingoja atukanwe. Ingekuwa haki yake, na alikuwa na namna kumi za kumtukania mtu kosa kama hilo, zote amezitumia. Kitonga hakutumia hata moja.

"Nakwenda kumchukua," alisema, akakata.

Kaluki alikaa juu ya jiwe na blauzi yake nyeupe. Saa tatu, saa nne, saa tano. Waliokuwa kwenye foleni waliingia na kutoka, yule wa ndala akatoka meno yote nje, yule aliyekuja na mama yake akakumbatiwa na mama. Saa sita na dakika ishirini pikipiki ikaja inayumba kwenye changarawe. Mbuvi aliteremka. Suruali ilikuwa na maganda ya ndengu hadi kiunoni, shati limefungwa vifungo kombo, mfuko wa unga kifuani umekumbatiwa kwa mikono miwili. Alipomwona Kaluki uso wake ulifunguka.

"Sista! Hata wewe umeitwa? Mungu ni mwema."

Kumbe Kitonga hakumwambia. Alikuwa amemwachia Kaluki amwambie mwenyewe.

"Sikuitwa, Mbuvi. Umeitwa wewe. Tangu Jumatatu." Alijilazimisha kumtazama usoni. "Meseji iliingia Jumatatu nikajua ni yangu. Jana ulipokuja nilikuwa nayo mfukoni."

Mbuvi alimtazama, na lile tabasamu likaondoka polepole, zito kama maneno yake. Akaanza kupangusa maganda ya ndengu kwenye magoti, moja moja. Kaluki angetoa chochote asikie tusi.

"Nenda," alisema. "Panga vyeti, leseni iwe juu." Akaitoa faili yake ya plastiki, akamwaga karatasi zake mwenyewe juu ya jiwe, akampa. Mbuvi aliitazama, kisha akakumbatia mfuko wake.

"Niko sawa na huu," alisema, akaenda langoni.

Kaluki alimfuata hadi mezani, kwa sababu namba ilikuwa yake na ilibidi aitaje. Shiru akaipata, akaangalia kitambulisho, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa tuweke namba yako ya kweli, Josphat. Unayo?"

Mbuvi akaitaja bila kufikiri, tarakimu kumi, taratibu, kama mtu anayetaja jina la mama yake.

"Ni mpya? Tusije tukakukosa."

"Hapana. Ninayo tangu nimalize shule. Miaka kumi na saba." Hakugeuka nyuma aliposema hivyo. Hakuhitaji kugeuka.

Mlango ukafungwa nyuma yake saa sita na dakika arobaini. Nje, Kitonga alikuwa ameegemea pikipiki, kofia mkononi, anatazama ambulansi mbili nyeupe zilizoegeshwa ndani ya ukuta. Mara simu ya Kaluki ikalia. Yvonne. Kitonga akageuza macho kutoka kwenye magari akamtazama yeye. Kaluki aliiacha ilie mara tatu, kisha akapokea.

"Kaluki, uko wapi? Umefunga saiba. Kuna meseji yangu?" Nyuma ya Yvonne zilisikika sauti nyingine, na kicheko cha yule mzee wa kanisa aliyekuwa ameleta vyeti vya mwanawe.

"Mko wangapi hapo?"

"Sita. Tumekaa kwa ngazi yako tangu asubuhi. Imeingia ama bado?"

Lile neno lilikuwa pale pale, fupi, linangoja kutoka.

"Yvonne, niweke kwa spika," alisema. "Nataka wote mnisikie."